Shali na Nishani

"Mimi sisemi uongo, Mama Hulda. Shali ni yako!"

"Yangu ipi? Mashali yamejaa Njombe nzima kama ukungu."

"Nyekundu, pindo la njano, na kona moja imeungwa kwa uzi wa kijani kwa sababu sufu nyekundu ilikuishia. Niendelee, au nipumzike kidogo?"

Mama Hulda aligeuza uso kutazama jikoni.

Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa uzio wa fito za miti ya miwati, pale Kitandililo, jua la Jumapili likijaribu kupasha moto na kushindwa. Upande wa pili alikuwa Vestina, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mama wa Letisia, na mwanamke ambaye habari zilipita kwake kwanza ndipo zikafika Makambako kwa lori. Upande huu Mama Hulda, mke wa mzee wa kanisa la Kilutheri, alishika mwiko kama mtu aliyesahau alikuwa anasonga nini.

Ndani ya jiko la nyasi, Hulda mwenyewe alikuwa amechuchumaa juu ya kuku aliyenyonyolewa nusu. Mikono ilisimama. Masikio ndiyo yaliyofanya kazi.

"Na tena," Vestina aliendelea, "kinachoniuma si shali. Kinachoniuma ni kwamba mimi sikuwepo! Nimesafiri kwenye lori toka alfajiri, nimetikiswa mpaka meno, nikafika Maonyesho, halafu saa ile Dionis anaitwa mbele ya Bwana Shauri, mimi niko kwenye foleni ya chai! Chai yenyewe haikuwa na sukari! Kijana wa kanisa letu, nishani ya kwanza ya ufundi na viwanda, anaitwa, na Vestina yuko kwenye foleni!"

"Pole," alisema Mama Hulda kwa ukavu.

"Pole yako nimeipokea. Ningekuwepo, kigelegele kingekuwa changu, na khanga ya mabegani ingekuwa ya Letisia. Badala yake nasikia kafungwa shali. Na nani? Na binti wa mzee wa kanisa lenu, binti ambaye mshenga wa huyo huyo Dionis alikuja hapa kumwomba, mkamrudisha ati bado anajifunza cherehani."

"Ni kweli anajifunza cherehani."

"Anajifunza cherehani, na tayari anavisha wanaume!"

Hulda aliuma mdomo ili asicheke. Halafu akakumbuka kwamba yanayochekesha yalikuwa ni maisha yake, na kicheko kikamkauka.

"Mwanangu ana huruma tu," Mama Hulda alijitetea. "Alimwona mtu kasimama peke yake."

"Huruma humpa mtu maji, Mama Hulda. Mwanamume siku ya heshima yake hufungwa nguo mabegani na mama yake, au dada yake, au mkewe. Mama wa Dionis yuko kaburini kule Mawengi. Dada hana. Haya, niambie, kabaki nani?"

Mama Hulda akageuka akaingia jikoni. Alimtazama bintiye, akamtazama kuku, akaketi juu ya kinu.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Mdomo ule, hata ningeutia ugali wa moto usingefumbika." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini hajasema uongo. Shali ni yangu. Ilikuwaje, mwanangu?"

Ilikuwaje! Hulda alitamani na yeye angekuwa na mtu wa kumuuliza.

Jana yake, Maonyesho ya Njombe yalijaza uwanja mpaka watoto wakapanda juu ya mapaa ya malori. Kulikuwa na ng'ombe waliosuguliwa wakang'aa, kulikuwa na kabichi ya Lupembe iliyobebwa na watu wawili, kulikuwa na Mwingereza mmoja na nguruwe wake. Kila mshindi alipoitwa na karani, wanawake wa kwao walitoka mbio, wakapiga vigelegele, wakamfunga khanga au kitenge mabegani, wakamsindikiza hadi mezani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mwenye kabichi alifungwa nguo nyingi hata uso ukapotea. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakamtafuta mwenye kabichi yuko wapi ndani ya zile nguo.

Kisha karani akasoma kwa sauti kubwa: "Nishani ya Kwanza ya Ufundi na Viwanda. Kwa kutengeneza kikaushio cha maua ya pareto kisichotia moshi. Dionis wa gereji ya Makambako!"

Dionis akatoka katikati ya watu. Shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, mikono imeoshwa kwa mchanga ili oili itoke. Akapiga hatua kadhaa, akasimama kuwangoja wanawake wa kwao, kama wenzake walivyosimama.

Hakuna aliyetoka.

Kwao ni Mawengi, mbali, na siku ile hakuna gari lililotoka huko. Mtu mmoja akakohoa. Karani akalisoma jina tena, akidhani labda halikusikika, na hilo likawa baya zaidi.

Hulda alimwona Dionis akiinamisha kichwa na kuanza kutazama viatu vyake. Kichwa kile alikijua. Alikiona mara ya kwanza nyuma ya gereji, siku alipomsaidia Letisia kubeba vikapu vya pareto, mvua haikatiki, mikeka ya kila mtu imejaa maua meusi yaliyooza. Dionis alikuwa amelaza mapipa matupu ya petroli ndani ya kibanda cha udongo. Moto unawaka ndani ya mapipa, moshi unapita kwenye bomba unatokea juu ya paa, na joto peke yake linabaki na maua kwenye matrei ya waya. Hakujisifu. Alichukua ua moja akampa Hulda.

"Livunje," alisema.

"Nivunje ua zuri?"

"Likilia, limekauka. Lisipolia, linarudi kulala."

Akalivunja, likalia kama ganda la karanga, na unga mweupe ukamwagika kiganjani mwake. Aliponyanyua macho akakuta Dionis hatazami ua. Kuanzia siku ile vikapu vya Letisia havikupata tena taabu ya mtu wa kuvibeba.

Basi kichwa kile kilipoinama mbele ya wilaya nzima, kitu kilimpanda Hulda kutoka kwenye nyayo. Kigelegele kilimtoka kabla hajajua kuwa ni chake. Kirefu, chembamba, peke yake katika uwanja mzima. Alijikuta anakimbia. Alijikuta amesimama mbele ya Dionis hana khanga wala kitenge cha ziada, ana shali tu, shali ya mama yake aliyokuwa amejifunika kwa ajili ya baridi. Akaivua, akamzungushia mabegani, akafunga fundo, kisha la pili.

"Hulda," alinong'ona Dionis, "unajua unafanya nini?"

"Tembea," alisema Hulda. "Bwana Shauri anangoja."

Na uwanja ukalipuka.

Yote hayo alimsimulia mama yake kwa sentensi fupi, macho yakiwa kwa kuku. Mama Hulda alisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi.

"Baba yako hajui kwamba shali ni yangu, wala kwamba aliyeifunga ni wewe," alisema. "Alikaa nyuma na wazee. Kaona shali nyekundu, basi. Akitoka kanisani tutaongea naye taratibu, baada ya kula, akiwa ameshiba na..."

Mlango wa uani ulifunguka kwa kishindo.

"Ida!"

Mzee Anania alipomwita mkewe kwa jina lake, watu wa nyumba ile walijua kuna jambo. Alikuwa na koti lake la Jumapili na kitabu cha nyimbo kwapani, ndevu zimesimama kwa hasira.

"Nimepongezwa!" alisema, kama mtu anayesema ameibiwa. "Kanisani! Natoka mlangoni, wazee wananishika mkono. Hongera Mzee Anania. Hongera kwa nini? Kwa mkwe mwenye nishani. Mkwe gani? Ah, usitufiche, tumeiona shali ya Mama Hulda, tumeelewa kwamba mama ameshabariki. Mchungaji naye, mchungaji mwenyewe! Ananiuliza ndoa itakuwa kwetu au kwa padre!"

"Kamwene, Mzee Anania," ilimsalimu sauti kutoka kwenye uzio.

"Kamwene, Vestina. Huna kazi leo?"

"Jumapili ni siku ya mapumziko. Napumzika hapa hapa."

Mzee Anania akamgeuzia mgongo. "Hulda! Toka huko jikoni."

Hulda akatoka akipangusa mikono, manyoya ya kuku yamemganda kwenye viwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu kijana nilimkataa kwa sababu zangu. Si wa kanisa letu. Kwao ni milima ya mbali, nikitaka kumwona mjukuu nitafute malori mawili na punda. Na kazi yake ni mapipa. Nilikataa kwa heshima, mshenga akaelewa, mambo yakaisha. Leo nyumba yangu imeposwa bila mimi kuwepo! Atarudisha shali ile leo hii. Hata kama ni mimi nitakayekwenda gerejini kui..."

"Hodi hapa!"

Wote wakageuka. Vestina ndiye aliyegeuka wa kwanza.

Dionis alisimama penye lango, shati jeupe lile lile la jana, na shali nyekundu imekunjwa vizuri juu ya mikono yake miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa watu. Nishani ya shaba ilining'inia kwa utepe kifuani.



"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu, mmoja kwa chuki, mwingine kwa wasiwasi.

"Na mimi niko hapa," alisema Vestina.

"Shikamoo, mama Vestina."

"Marahaba mwanangu, hongera kwa nishani. Ni foleni ya chai tu iliyonikosesha, usinifikirie vibaya."

"Umekuja kurudisha shali," alisema Mzee Anania. "Vizuri. Umenipunguzia safari. Mpe mwenyewe, uende na amani."

Dionis hakusogea. Aliitazama shali, akamtazama Hulda kwa kitambo kidogo tu, na kitambo kile kilimtosha Hulda kuona kwamba kijana hakulala.

"Mzee, nimetoka gereji mpaka hapa nikiwaza," alisema. "Nikiiacha hapa, kabla sijafika njia panda Makambako itasema nimemkataa Hulda. Nikiondoka nayo, itasema nimemwibia mama shali yake. Nimetafuta njia ya tatu, sijaiona."

"Fundi mwenye nishani, na umekosa ufundi?"

"Chuma kinanielewa, mzee. Hili ni gumu."

Vestina akacheka kwa sauti. Mama Hulda naye alihangaika na mdomo wake. Mzee Anania peke yake ndiye aliyebaki na uso wa baraza.

"Njia ya tatu ipo," alisema. "Hulda. Njoo hapa karibu."

Hulda akasogea, akasimama kati ya baba yake na Dionis, karibu na kila mmoja na mbali na kila mmoja.

"Nakuuliza mbele ya watu, na jirani huyu atatusaidia kulisambaza jibu. Jana ulifanya kwa bahati mbaya? Mtu anaweza kushikwa na furaha akasahau mila. Wewe ni mtoto. Useme tu, baba nilisahau, nilimhurumia. Basi. Shali itakuwa shali, watu watacheka wiki moja, yatakwisha. Hakuna atakayekulaumu, wala yeye hatalaumiwa."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Hulda aliuona. Neno moja tu, na heshima ya baba yake ingerudi mahali pake, mama yake angejifunika shali yake, na Dionis angerudi gerejini na nishani yake. Alimtazama Dionis. Hakuwa anamwomba chochote. Alikuwa amesimama tu, kichwa kimeanza tena kuinama vile vile kama jana.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "kigelegele kilinitoka chenyewe. Hicho ni bahati mbaya, nakubali."

"Ehee," alisema Mzee Anania, na mabega yakaanza kushuka.

"Lakini shali niliifunga kwa kusudi. Nilifika mbele yake nikakumbuka kila kitu. Nilikumbuka mila, nilikumbuka ulivyokataa, nilikumbuka hata kwamba shali si yangu. Nikafunga. Mafundo mawili, baba."

Vestina alijishika mdomo kwa mikono yote miwili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Kitandililo.

Dionis aliinua kichwa. Hulda hakuthubutu kumtazama, ila aliusikia ule mtazamo mashavuni kama joto la kile kibanda cha udongo.

Mzee Anania alikitoa kitabu cha nyimbo kwapani, akakirudisha.

"Nilikuwepo jana," alisema mwishowe, polepole. "Niliposikia jina linaitwa mara ya pili, na hakuna mtu, nilijisemea, mtoto wa watu huyu, hana hata mmoja wa kumpokea? Iliniuma. Nikasikia kigelegele nikasema, afadhali. Nikapiga makofi mimi! Nikapiga kwa nguvu! Sikujua napigia binti yangu." Akamgeukia Dionis kwa ukali mpya. "Na utasali wapi wewe?"

"Nimemuuliza padre asubuhi hii, mzee. Kasema nikamuulize kwanza baba wa binti."

"Ananisukumia mimi!"

"Na kule Mawengi?"

Aliyeuliza hilo ni Mama Hulda, kwa upole.

"Mama, gereji iko Makambako, kikaushio kiko Makambako. Bwana wa kilimo anataka vingine vijengwe huku huku. Mawengi nitakwenda kusalimia kaburi la mama. Hulda akitaka kuja, tutakwenda. Asipotaka, nitakwenda nirudi."

"Nitataka," alisema Hulda, na papo hapo akatamani ardhi imfunike.

Dionis akanyoosha mikono, akamkabidhi Mama Hulda shali. Mama Hulda aliipokea, akaikunjua, akaitazama ile kona ya uzi wa kijani. Kisha akainuka kwa ncha za vidole, maana kijana alikuwa mrefu, akamrudishia mabegani.

"Ida!" alisema Mzee Anania.

"Baridi hii, na yeye kaja na shati tupu. Akishikwa na kichomi mapipa yatawashwa na nani? Maua yetu msimu uliopita yaliozea kwenye mikeka kwa ubishi wako wa kukataa kikaushio chake, Baba Hulda, na mimi nilikaa kimya."

"Kwa hiyo umeamua?"

"Mimi nimefunga shali tu. Anayeamua ni wewe."

Mzee Anania akatazama juu, kama mtu anayengoja msaada kutoka kwa mawingu ya Njombe, ambayo hayajawahi kumsaidia mtu. Dionis akabaki amesimama na shali mabegani, hajui kama ni mgeni au mshtakiwa.

Ndipo Vestina alipokohoa.

"Basi kama huko kuna kikao kirefu, mimi sina kikao. Dionis, mwanangu, pita huku kwangu. Uzio una pengo hapo kwenye mti wa mpichi. Kuna wali, mchele wa Usangu, na njegere mbichi. Letisia ndiye aliyepika. Kanisa moja, padre mmoja, hakuna wa kuuliza maswali. Njoo ule, baba."

Hapo hapakuwa na mtu asiyeelewa. Kijana aliyekuja kuomba binti haruki tu sahani ya nyumba moja akala ya nyumba nyingine. Nyumba itakayomlisha imemjibu. Na kukataa chakula cha mama wa watu, tena anayekuita mwanangu, ni tusi ambalo Dionis hakulelewa kulitoa. Akamtazama Hulda, akautazama uzio, akatokwa na jasho katika baridi ile.

"Asante mama," alianza, "lakini mimi..."

"Lakini nini? Umekula? Hujala, nakuona mbavu. Huko hata kigoda hawajakupa. Njoo!"

Akapiga hatua moja, ya adabu, ndogo sana, kuelekea kwenye mti wa mpichi. Machozi yalimjaa Hulda ghafla.

"Vestina!"

Sauti ya Mzee Anania iliwarusha njiwa juu ya paa la jiko.

"Naam, Mzee Anania."

"Unamwita mgeni wangu kutoka uani kwangu?"

"Mgeni wako? Umemkaribisha lini? Mimi niko hapa tangu asubuhi sijasikia."

"Kijana amefungwa shali ya mke wangu, mara mbili, mara ya kwanza mbele ya Bwana Shauri, halafu akale njegere zako? Watu waseme Anania hana ugali? Waseme nishani ya kwanza ya wilaya ilisimama nyumbani kwangu na njaa?"

"Watasema," alikiri Vestina. "Mimi nitakuwa wa kwanza."

"Hawatasema!" Akakirusha kitabu cha nyimbo mikononi mwa mkewe, akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, akachukua kigoda chake cha barazani, kile ambacho hata mchungaji alikikalia kwa kuomba ruhusa, akakiingiza ndani na kukiweka karibu na moto. Akatokea tena mlangoni. Dionis alikuwa bado amesimama na mguu mmoja mbele. Mama Hulda alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya khanga. Na Hulda alikuwa anacheka na kulia pamoja, manyoya ya kuku yakimpepea viwikoni.

"Kuku bado hajaiva, baba," alisema.

"Ataiva tukiwa tunaongea. Mambo ya padre na mchungaji hayazungumzwi na tumbo tupu. Vestina, na wewe zunguka mlangoni, usije ukatoboa uzio wangu kwa masikio, na huo wali uje nao." Kisha Mzee Anania akasogea pembeni ya mlango, akashika pazia kwa mkono mmoja, na sauti yake ikalainika, ikawa ya baba anayeongea na mtoto wa nyumbani. "Hulda, mletee maji anawe. Na wewe, mwanangu, mbona unagandia nje? Ingia. Ingia ndani tule."